Mdomo Una Adabu, Mguu Hauna

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu; waheshimiwa wakuu wa idara; mama yetu mpendwa, mke wa mstaafu; mafundi wenzangu wa karakana; ndugu wagonjwa wetu wa zamani, mlioingia ukumbini humu kwa miguu mliyozaliwa nayo na mlioingia kwa ile tuliyowatengenezea; mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika kumi za kumsifu Fundi Mkuu wa karakana yetu ya miguu ya bandia, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imenisihi niseme yale matamu tu. Nikawauliza, sasa dakika tisa zitakazobaki nizifanyie nini? Basi mnivumilie.

Nilifika kwake nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili, cheti changu nimekitia kwenye mfuko wa plastiki kisije kikashika vumbi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma mbele, akakigeuza akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu, akanirudishia. Akasema ni kizuri, nikakitunze nyumbani, na ufagio uko nyuma ya mlango. Nilifagia unga wa plasta miezi minne. Namshukuru sana, maana sidhani kama yuko mtaalamu mwingine aliyesoma miaka mitatu chuoni anayeujua unga wa plasta kwa undani kama mimi.

Wageni mtakuwa mmesikia mafundi wakimwita Bado. Si jina la ukoo wake. Mzee wetu si mchoyo wa maneno, hapana. Analo moja, na hilo humgawia kila mtu bila upendeleo. Umelainisha mguu kwa msasa mpaka unateleza kama sahani, unampelekea. Anaupitishia kidole gumba. "Bado." Unarudi mezani. Umekaza mikanda, umepima mara tatu, unampelekea. Mnajua anachosema.

Mwezi wa tano alinikunja goti, akalifunga kwa mkanda, akanivalisha mguu wa mazoezi, kisha akasema ana kiu. Kantini, kama mjuavyo, iko ghorofa ya pili. Nikapanda kuleta chai, nikarudi na nusu kikombe. Nusu nyingine ilibaki ngazini. Akasema bado, maana aliagiza chai, hakuagiza kikombe. Safari ya tatu ndiyo ikafika kamili, na goti langu linawaka moto. Lakini siku ile niligundua kwamba kidato cha nne cha ngazi zile kimezidi wenzake kwa vidole viwili. Waheshimiwa, mmepanda pale miaka mingapi? Nani kati yenu aliyewahi kukigundua? Yeye anakijua, kwa sababu mguu wake wa kushoto, uliopotea ajalini akiwa kijana, ni wa karakana yetu.

Nilimchukia? Jamani, tuko sherehe, tusidanganyane. Nilimchukia miaka miwili kamili, kwa bidii na bila kukosa siku. Mheshimiwa Mganga Mkuu, barua yangu ya kuomba uhamisho imo kwenye faili lako hadi leo. Naomba uichane.

Kilichonibakiza ni mguu mmoja. Ulikuwa wa kwanza kuutengeneza peke yangu, wa mama mmoja mpishi wa shule, mtu wa kusimama jikoni kutwa. Niliuhangaikia wiki tatu. Rangi ilifanana na ngozi yake, na vidole nikavichongea hata kucha. Mama akauvaa, akatembea hadi dirishani, akarudi, akanishika mkono. "Asante mwanangu, umenikaa sawasawa. Mungu akubariki."

Nikamgeukia Fundi Mkuu nikingoja nishani. Alikuwa ametupa mgongo, ameelekea ukutani. Akamwomba mama atembee tena, kisha akamwomba kwa upole auvue, kuna kijambo kidogo cha kurekebisha. Mama alipotoka tu, akachukua msumeno akaukata katikati, na kucha zangu zote.

Nililia stoo, juu ya magunia ya plasta. Akaja akasimama mlangoni, na siku hiyo nikasikia maneno mengi kuliko ya mwaka mzima.

"Binti, yule mama ameona ulivyohangaika, hakutaka kukuvunja moyo. Mdomo una adabu, mguu hauna. Wewe sikiliza mguu."

Akanieleza kwamba mguu usioumia hutua ukatulia, ila unaoumia hugusa sakafu ukakimbia. Nikatengeneza wa pili. Mama akauvaa, akatembea, akakumbuka kwamba wanafunzi wanangoja chakula, akaondoka mbio bila kuaga wala kushukuru. Gongo lake la kutembelea alilisahau. Liko karakana mpaka leo, limeegemea nyuma ya mlango, pamoja na ule ufagio.

Sasa nifikie jambo lililonileta mbele yenu, na kamati inisamehe.

Mwezi uliopita Fundi Mkuu, ambaye miaka yote hujitengenezea mguu mwenyewe, alikuja akaketi kwenye kiti cha wagonjwa akaniambia nimtengenezee wa kustaafia. Juzi akauvaa, akatembea hadi mlangoni, akarudi, akasema, "Umekaa vizuri, binti. Hakuna cha kuongeza."

Miaka kumi na minane nimeyangoja maneno hayo. Niliwapigia simu ndugu zangu wote, hata nisioelewana nao. Furaha ilinijaa masikioni, nisisikie kingine.

Leo nimesikia. Mlipokuwa mnampigia makofi alipoingia, zulia lilikwisha pale kwenye nguzo, akatembea juu ya vigae mpaka kwenye kile kiti, hatua kumi na mbili. Nilifumba macho. Wa kulia ulitua ukatulia. Wa kushoto uligusa ukakimbia.

Mzee wangu, tangu nikufahamu hujawahi kuwa na adabu, na siku uliyochagua kuanza ndiyo hii? Unaumia, na umenyamaza ili usiniharibie siku. Mama, nakuona unaitazama meza. Usimtetee mumeo, najua amekukataza kusema.

Nakupenda kama baba, nalisema mbele ya watu ili usipate pa kulikatalia. Kwa sababu hiyo, yale maneno yako mazuri nakurudishia, hawa wote wakiwa mashahidi. Bado, mzee wangu. Kesho saa mbili asubuhi, karakana. Najua umestaafu, lakini hujaitwa kama fundi. Kiti cha wagonjwa unakijua kilipo. Msumeno nitaushika mimi.

Ndugu zangu, kamati imemnunulia saa nzuri sana ya ukutani, na atakabidhiwa sasa hivi. Zawadi yangu haijawa tayari. Siku nitakayomwona anatoka mbio bila kunishukuru, nitajua imekamilika.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Nami nitawasikiliza mkiwa mnatoka.