Mzee Hodi Anang'atuka

Hili sijamwambia mtu: kusoma wasifu huu mbele yenu sikukubali. Karani wa kitivo cha sheria aliponiomba, nilinyamaza tu. Nimesoma kwa lugha mbili, na zote mbili hunikimbia watu wakizidi watatu. Yeye akacheka, “Aliyenyamaza kakubali, mwanangu!” akaniingiza kwenye ratiba. Babu angeisikia hoja hiyo, angekata rufaa papo hapo.

Ijumaa hii babu yangu anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha sheria chuoni na kuongoza kamati ya nidhamu. Wanafunzi humwita Mzee Hodi. Habishi milango tu. Nadhani hata kabati la vikombe hulibishia hodi. Asipojibiwa, haingii. Siku moja bibi alipitiwa na usingizi sebuleni, mlango wazi kabisa, na babu akakaa kibarazani hadi jioni, kakumbatia mkate, nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Bibi alipoamka alimuuliza kama akili zake ni timamu.

Lakini ni hodi hiyohiyo iliyozaa kanuni yake. Mwanafunzi mmoja alishtakiwa kwa kumwingilia kimwili mwenzake aliyekuwa amelewa hadi hajijui. Kamati ikapasuka. Wengine walitaka kijana afukuzwe kabla ya chai, bila kusikilizwa. Wengine walitaka binti aulizwe alikunywa glasi ngapi, na nani alimtuma. Mtetezi wa kijana akadai wote wawili walilewa, basi ngoma droo.

“Aliyelewa chakari ni kama aliyelala,” babu akasema. “Mlango hata uwe wazi, hajasema karibu. Na wewe uliyelewa, pombe haikukupa ufunguo.” Kisha akawageukia wale wa kabla ya chai: kijana asomewe shtaka, apewe muda, alete mashahidi. “Huyu naye tumpigie hodi kabla hatujaingia maishani mwake.”

Pande zote zikamnunia. Muhula mzima alikula peke yake kantini, na mpishi naye akampunguzia mchuzi. Kijana alisikilizwa hadi mwisho, akaonekana ana hatia, akaondoka. Binti alihitimu. Kanuni ingalipo, na mchuzi umerudi.

Nyumbani ni vilevile. Keki ilipoliwa kwa siri, kaka yangu, chembe bado kidevuni, alipewa siku mbili za kuandaa utetezi. Alishindwa.

Sasa hivi, ninapoandika, nasikia ndara za babu koridoni. Kila zikilia, ukurasa huu huenda chini ya mto. Leo nauacha mezani. Zimesimama. Hodi. Mlango uko nusu wazi, ananiona kabisa, ila anangoja.

“Mjukuu wangu, karani anasema utasoma. Ulikubali, au ulinyamaza?”

Hakuna mwingine aliyeniuliza.

Kama mnayasikia haya kwa sauti yangu, mmeshajua nilimjibu nini. Babu, kitivo kizima kinakushukuru, mpishi akiwemo. Pumzika vyema, na kila utakapobisha, akujibu mtu aliye macho: karibu.