Mama Pasi na Ufunguo wa Nyumba ya Pampu

Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Muda ya Kushughulikia Upatikanaji wa Ufunguo wa Nyumba ya Pampu: hicho ndicho cheo kilichoandikwa kwenye shada la maua la Halmashauri, nasi wanafamilia tumekitanguliza kwa heshima, ingawa ninyi nyote mlimjua shangazi yetu kwa jina la Mama Pasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa kitinda mimba wa fundi reli, akahitimu shule ya msingi mwaka 1972, akajifunza udobi kwa mama yake mdogo, na mwaka 1979 akafungua duka lake la kufua na kupiga pasi, ambako wakubwa wa kila serikali walileta mashati, naye akawajua wote kwa kola zao.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye ametangulia mbele ya haki, wakajaliwa watoto watatu, ambao mnawaona hapa mbele, hawana hata kunyanzi moja kwenye nguo.

Mwaka 2019 wananchi, wakiwa wamechoshwa na vyama viwili vikubwa vilivyopokezana viti na ahadi zilezile, walichagua madiwani wasio na chama, marehemu akiwemo, na siku ya makabidhiano, mwenyekiti wa Halmashauri aliyeshindwa alipoleta funguo zote kwenye sinia, Mama Pasi ndiye aliyepaza sauti kwamba hawapokei kitu mkononi mwa wakubwa wa zamani, hata kalamu, umati ukashangilia, mzee wa watu akaondoka na sinia lake.

Wiki iliyofuata pampu ya maji ilizimika nyuma ya mlango wa chuma, ufunguo wake ukiwa kwenye sinia lile, mabomba yakakauka, mwanasheria akaeleza kuwa kuvunja mali ya umma kunahitaji azimio, tangazo na zabuni, ikaundwa kamati, na kwenye foleni ya ndoo watu wakaanza kusema kumbe hawa nao ni walewale, kura hatupigi tena, maneno yaliyomuuma marehemu kuliko duka lake kukosa maji.

Basi akachukua mashati ya mzee yule, yaliyokaa dukani tangu uchaguzi kwa sababu ya kununiana, akayapeleka mwenyewe hadi sebuleni kwake, akaomba radhi, akasema mashati ni yako na ufunguo ni wa watu, na alipokumbushwa ile kalamu akajibu kwamba tulisema mengi, baba, lilikuwa joto la kampeni, wakacheka mpaka machozi, na tangu hapo mzee akawa anaishauri Halmashauri bila cheo chochote, jambo linalowasumbua makarani hadi leo.

Mwaka jana, akiwa katika kipindi cha pili, alichopewa na foleni ndefu kuliko ile ya ndoo, alianza kuugua kifua, akalazwa mwezi Januari mwaka huu, na alfajiri ya tarehe 9 Februari akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwanyooshea makoti hadi walipomnyang'anya pasi, majirani waliokesha nasi, madiwani wenzake, na mzee, aliyekuja leo na shati lililonyooka.

Pumzika kwa amani, Mama Pasi, kazi yako tumeiona. Taarifa rasmi inasema ufunguo ulipatikana kutokana na jitihada za kamati. Kamati haikuwahi kukutana. Mama Pasi aliomba radhi, mzee akafungua mlango, maji yakatoka.