Iko Ngambo: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Ramla Amuri

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Ramla Amuri anafunga kazi baada ya miaka thelathini na moja katika Kituo cha Takwimu za Kaya cha Lindi, kinachoitwa kwa jina la mto wetu, hapa kwetu Kisangani. Aliingia mwezi wa Machi 1994, nchi ikiitwa bado Zaïre, akiwa na cheti cha sekondari, penseli mbili na sauti ambayo huwezi kuifungia mlango. Anatoka akiwa mdodosaji mkongwe kuliko wote. Kwa hesabu yetu amepiga hodi kwenye nyumba zaidi ya elfu kumi na nne, na ni tatu tu zilizokataa kumjibu. Moja ilikuwa ya dada yake.

Mkurugenzi wetu, Bwana Hugues, ndiye aliyeniagiza niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Aliniambia niandike kwa furaha. Nitajaribu, maana ya kufurahisha yapo tele. Lakini niseme mapema kwamba si yote, na atakayesoma mpaka mwisho ataelewa kwa nini.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii: mdodosaji ni mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba na fomu mkononi, akiuliza watu wana nini, wananunua nini na wanakitumiaje. Kalamu ya buluu ni ya majibu rasmi, yale yanayoingia kwenye visanduku na baadaye kwenye kompyuta. Mama Ramla alibeba na penseli. Kwa penseli aliandika pembeni mwa fomu yale ambayo kisanduku hakikuyapa nafasi. Wakubwa walimwambia mara nyingi kwamba pembeni hapasomwi na mtu. Alisema sawa, akachonga penseli, akaendelea.

Haya ya pembeni ndiyo yaliyotupa takwimu zetu za ajabu kuliko zote. Mwanzoni mwa kazi yake, wakati tunahesabu redio, watu wengi wa Mangobo walijibu kwamba hawana. Mama Ramla akaandika pembeni: "redio ya jirani." Tulipokuja kujumlisha, ikaonekana redio moja ilikuwa inasikilizwa na nyumba nne, na mwenye redio ndiye aliyekuwa analalamika kuliko wote, kwa sababu hakuchagua stesheni hata siku moja.

Mwaka 2012 alituletea habari kwamba simu katika mitaa aliyoipita ilitumika kwanza kumulika, pili kuamshia watu sala ya alfajiri, na tatu ndiyo kupiga. Tulicheka mpaka machozi. Halafu umeme ukakatika hapo hapo ofisini, na sote tukatoa simu mifukoni tukamulika. Yeye alitutazama tu kama mwalimu anayesubiri darasa litulie.

Na kuna yale mafriji ya Makiso. Aliyakuta kumi katika avenue moja mwaka 2015, na sita yalikuwa kabati. Yalikuwa na ufunguo, panya hawaingii, basi ndani zilikaa nguo za misa na za Idi, zimekunjwa vizuri kabisa. Fomu yetu iliuliza kama kaya ina friji, na jibu lilikuwa ndiyo. Bila ile penseli tungeandika kwamba avenue nzima inakunywa maji baridi.

Alifika kila mahali. Alikwenda Opala kwa baleinière, mashua ndefu ya mbao, mvua ikalowesha fomu mia mbili, akazianika moja moja kwenye kamba ya nguo ya mwenyeji wake na kurudi na zote. Alikwenda Masako kwa miguu. Mjini alipanda toleka, na waendesha baiskeli wale walimpenda ingawa njia nzima aliwauliza maswali bila kuwalipa kwa majibu. Ukimtania kwamba amezidi udadisi, anakwambia ni mshahara unaodadisi, yeye anaufuata tu.

Sasa nimefika mwaka 2019, na hapa mkono unakuwa mzito.

Mwaka ule tulipewa uchunguzi mkubwa juu ya teknolojia katika kaya. Fomu ilitoka Kinshasa kwa Kifaransa, na kazi ya kuiweka kwa Kiswahili nilipewa mimi. Mimi ni mtu wa Isangi. Nyumbani tulisema Kilingala, Kiswahili nilikipata shuleni na mitaani, na bon, nilijiona fundi wake. Swali la kumi na nne lilitaka kujua kama kaya inamiliki simu. Sisi wa Kisangani neno "iko" tunalitwisha kazi zote: ya kuwa, ya kuwa na, ya kuwapo. Nikaona litabeba na hii. Nikaandika: "Simu iko nyumbani?" Nikapeleka kwenye mashine, zikatoka nakala elfu tatu.

Mama Ramla alisoma fomu akiwa amesimama mlangoni kwangu. Alipangiwa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, kaya mia mbili na kumi na mbili, zote peke yake. Aliuliza kwa nini nisiandike tu "Muko na simu?" Nikamweleza tofauti ya ménage, yaani kaya, na nyumba, kwa Kifaransa kingi. Akanisikiliza, kisha akasema:

"Monsieur René, ukiuliza 'iko', mutu ataangalia kwanza juu ya meza."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba nakala zimekwisha toka, na kwamba sheria ya kwanza ya kazi yetu anaijua kuliko mimi: mdodosaji anasoma swali kama lilivyoandikwa, haongezi neno, hapunguzi neno. Akaondoka na fomu zake.

Mtaa aliopangiwa haukuwa na umeme miezi ile. Kila asubuhi simu za majirani zilikusanywa kwenye kapu moja, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta, zikavushwa kwa pirogue mpaka upande wa kulia, kwenye kibanda cha kuchaji, na jioni zikarudi. Mama Ramla alipita mchana. Alisoma swali langu kama lilivyoandikwa. Watu wakatazama mezani, wakasema haiko. Kwa kalamu ya buluu akaweka alama kwenye "hapana."

Kompyuta ikatoa jibu: katika kila kaya mia za mtaa ule, tisa tu zina simu. Lakini swali la ishirini lilionyesha kwamba kaya sitini na nne katika mia zilikuwa zimenunua uniti za simu juma lile lile. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesimama hapo ajikune kichwa. Mimi nilitunga nadharia. Niliandika kwamba watu hawa hununua uniti kuwatumia ndugu zao walio upande wa pili, na nikaipa jina, "ukarimu wa ng'ambo." Nilialikwa kuieleza kwenye redio. Nilialikwa kwenye semina, watu wakapiga makofi, kichwa kikavimba. Profesa mmoja aliniomba nakala mbili.

Baada ya miezi minane, shirika moja la simu lilituletea hesabu ya laini zinazotumika mtaa ule. Zilizidi hesabu yetu mara nyingi. Tuliitwa wote kwenye mkutano, watu ishirini na tatu, na mkurugenzi akauliza kosa limeanzia wapi. Alinigeukia mimi kwanza, akataka kujua kama swali lilikuwa sahihi. Nikajibu kwamba swali lilikuwa sahihi. Sikuongeza neno.

Kama swali ni sahihi na jibu si sahihi, basi mwenye kosa ni aliyeuliza, na hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Mtu mmoja akasema huenda Mama Ramla alikaa bandarini kwenye kivuli akajaza fomu kwa kubuni. Hakuna aliyembishia. Mama Ramla alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeifurahia hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuachia nafasi ya kuongea na bado anakungoja. Mimi nikatazama karatasi zangu mpaka mkutano ukaisha.

Alipewa barua ya onyo: uzembe na kubuni majibu. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja atangazwe kiongozi wa wadodosaji wa mkoa mzima wa Tshopo, kazi aliyoingoja miaka ishirini na tano. Ikaenda kwa mwingine. Yeye akakatazwa kutoka nje, akawekwa chumba cha nyuma kubana fomu za wenzake kwa pini. Miaka sita. Mwanamke mwenye miguu mizima, aliyeijua njia ya kila mtaa, alikaa chumba chenye dirisha moja akibana karatasi, na kila asubuhi alinisalimia.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Niliona haya kwa ajili ya ile nadharia. Halafu siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Fomu zenyewe zilikuwa ghalani, ngazi kumi na tatu chini ya meza yangu. Ningeweza kushuka siku yoyote. Sikushuka.

Nimeshuka mwezi huu, kutafuta tarehe za kuandikia wasifu huu. Viviane wa ghala alinionyesha sanduku la Lubunga, nikafungua fomu ya kwanza. Pembeni mwa swali la kumi na nne, kwa penseli, mwandiko wa Mama Ramla: "iko ngambo." Fomu ya pili: "iko ngambo, itarudi jioni." Ya tatu: "mbili, ziko ngambo." Nilikaa sakafuni nikahesabu zote. Kaya kumi na tisa zilikuwa na simu mezani. Kaya mia moja na arobaini zilikuwa na simu ng'ambo. Ukijumlisha, ni kaya sabini na tano katika kila mia. Alikuwa ametuletea jibu sahihi tangu siku ya kwanza, na ameliweka pale pale tulipomwambia kwamba hapasomwi.

Jumapili nilikwenda kwake Kabondo. Nilimweleza yote tangu mwanzo, nikamwomba radhi, nikaongea mpaka maneno yakaniisha. Aliniachia nimalize, kama anavyomwachia kila mtu. Nilitegemea aniambie yamepita, kwa kuwa ndivyo tunavyoambiana hapa hata yasipopita. Hakuniambia hivyo. Alisema:

"Ile siku ulinyamaza mbele ya batu, monsieur René. Leo usiniambie mu chumba."

Kisha akaniletea lituma ya ndizi na samaki, na tukala, na tukaongea habari za wajukuu wake. Lakini neno lake nilikuwa nimelisikia.

Kwa hiyo wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, familia ya Amuri, ninasema mbele yenu, na nimeomba maneno haya yachapwe kama nilivyoyaandika. Mama Ramla hakukaa bandarini. Hakubuni jibu hata moja. Swali lilikuwa baya, nililiandika mimi, yeye alinionya kabla ya kuvuka mto, na nilipoulizwa nilikuwa nalikumbuka onyo lake neno kwa neno. Jumanne nilimwambia mkurugenzi haya haya. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili lake, na mahali pake imewekwa barua yangu ya kukiri kosa. Ripoti ya 2019 inasahihishwa, na itatoka na jina lake juu, langu likiwa mahali pa makosa.

Kilichobaki hakina dawa. Cheo hakiwezi kupewa mtu siku anayoondoka, na miaka sita ya kutembea haipatikani ghalani. Wadodosaji vijana waliopaswa kufundishwa naye njiani walifundishwa na watu kama mimi. Hilo linaniuma, na sitegemei liache.

Mama Ramla, kituo kinakushukuru kwa nyumba elfu kumi na nne, kwa redio za majirani, kwa mafriji ya Makiso, na kwa kila kilichoandikwa kwa penseli. Tunakuombea afya, miguu yenye nguvu, wajukuu wanaojibu ukiwauliza, na siku nyingi za kutembea utakako bila fomu. Mimi sikuombi useme yamepita. Nimekuja kusema mbele ya watu kwamba ulisema kweli, nami niliijua.

René, Idara ya Uchambuzi