Mkwe Wangu wa Wyoming

Sogeeni karibu, Elisée mwanangu na wewe Maombi, na hiyo televisheni izimeni, maana Keziah, nesi wetu Mkenya, amenipima asubuhi kisha akaanza kunipangusa mgongo bila kunitazama usoni, na mtu mzima akiona hivyo hahitaji kuambiwa. Sitaki kilio. Nataka masikio.

Dada yenu Uwineza hajakanyaga nyumba hii tangu mlipomfukuza mchumba wake Harlan, na wakaoana bila ninyi. Mlisema watu wa Wyoming ni washamba, wananuka mavi ya ng'ombe, wanalala na bunduki, kitabu hawakijui, na mweusi akiingia kwao harudi. Nani kati yenu alifika huko akaona? Mliyaokota kwenye simu, mkayala bila kuyaosha. Na ninyi ni watoto wa nani? Kule milimani juu ya Uvira babu yenu alinuka ng'ombe mpaka akazikwa, na watu wa mjini walitutemea mate kwa harufu hiyohiyo. Nyani haoni kundule.

Najua kosa la Harlan. Alikuja kuposa na sanduku la barafu limejaa nyama, ng'ombe mzima amekatwakatwa na kufungwa karatasi nyeupe, naye anatabasamu. Kwetu posa ni ng'ombe anayetembea. Anayeleta aliyekufa anauombea ukoo ufe. Elisée, ukalibwaga lile sanduku kwenye theluji mbele ya wazee wa kanisa. Lakini kwao, anayekuchinjia ng'ombe wa zizi lake amekupa heshima kubwa kuliko zote. Mgeni ni kipofu ingawa ana macho, na ninyi wenyeji hamkumshika mkono.

Mimi nilikwenda kujionea, Uwineza alinitumia tiketi ya basi. Bunduki ipo, imetundikwa juu ya mlango. Kofia ipo, haivuliwi mpaka wakati wa sala. Upepo haunyamazi, na wapo walionitazama dukani kama jini. Siwadanganyi. Lakini nilimwona Harlan amepiga magoti kwenye theluji, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, anamvuta ndama huku akimbembeleza mama yake kwa sauti kama ya marehemu baba yenu. Halafu akaingia ndani akanywa maziwa ya dukani, ya galoni la plastiki, mtu mwenye ng'ombe wa kujaza bonde! Nikamwambia Uwineza, "Mwanangu, huyu kweli mshamba." Akamtafsiria mumewe, naye akacheka kutuzidi.

Nilipougua kule, mwanamke nisiyemjua aliendesha gari kutoka mbali akaniletea supu, na ingawa hatukuelewana hata neno, alikaa. Hapa mjini kwetu, Inver Grove Heights, mlango wa jirani unatazamana na wangu miaka yote hii, na sijui kama anayelala humo ni mwanamume au mwanamke. Ninyi mnafanya shifti mbili, siwalaumu, kodi haina huruma. Wajukuu nawasalimu kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza wakitembea. Mchana kutwa naongea na friji. Kisha mnaniambia kule ndiko porini.

Basi, shikeni neno. Vitenge vyangu, Maombi, gawana na dada yako, na usifiche vile vizuri, nakujua. Chombo cha maziwa cha mti, nilichobeba mgongoni hadi kambi ya wakimbizi, ni cha Uwineza. Jeneza langu, Harlan atashika mbele upande wa kulia, wewe Elisée kushoto, na barafu ikiwatelezesha mteleze pamoja. Asiposhika yeye, usishike na wewe. Waacheni watu wa mazishi wanibebe kama mzigo usio na mwenyewe.

Nipe maji. Kidogo... yatosha.

Mungu awape watu wa kuwagongea mlango. Awape wa kukaa nanyi hata mkikosa maneno. Maombi, lete kichwa... na wewe, Elisée, lete, usione haya. Nimewabariki. Na yule aliye mbali, vilevile.

Sasa chukua simu, Elisée mwanangu. Njia yao kutoka Wyoming ni ndefu, na theluji imeanza; waondoke leo. Usianze kuongea na dada yako. Anza na mumewe. Mwite shemeji. Hajui maana yake... atajifunza kwako.

Sogeza simu huku, sauti yangu... imekwisha. Masikio bado. Sema, nikusikie.