Jina la Mshika Kamba

Sogeeni, wanangu, na mfute hayo machozi, maana ninyi ambao jana hamkuniletea hata maji ya kunywa hamwezi kunililia leo. Mimi Habibo binti Dekow nakufa hapa Garissa, ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge na serikali, na ngamia wangu wote wamekwisha kwa risasi za askari isipokuwa mmoja. Lakini wallahi kinachonichoma si risasi, ni ninyi.

Guleid, nasikia kesho unampa mwanao jina la Keynan, na wewe Olow unawatambia watu kwenye foleni ya maji kwamba sisi ni damu ya Keynan, aliyeshuka kisimani kupigana na jini lililoyameza maji. Lo! Ngano hiyo mmeipata kwangu na hamkuisikiliza. Keynan alifia mle kisimani kabla ya kuoa, hakuacha mtoto wala mjane. Amewazaaje ninyi, majuha wakubwa?

Sisi ni wa Yarow, anayetajwa mara moja tu katika ngano hiyo, aliyebaki juu ameshika kamba. Mama yake, Batula, alikuwa dada wa Keynan, akaachwa na mumewe akiwa na mimba; ndugu zake wakakataa kumchinjia mtoto mbuzi wa jina, wakasema mwiteni Yarow, yaani mdogo, yatosha. Jini lilipomkamata Keynan, hao ndugu walitimua mbio, na Yarow peke yake akavuta mpaka ngozi ya viganja ikabanduka, akamtoa mjomba wake akiwa maiti, na maji yakapanda nyuma yake. Huyo ndiye mnayemwonea haya! Nguo ya kuazima haisitiri matako. Askari walipokuja, enyi wana wa shujaa, mlikuwa wapi? Chini ya mkeka wangu! Dada yenu Shamso ndiye aliyefungua zizi akamwokoa huyo ngamia mmoja.

Basi ngamia ni wa Shamso, na ngano ni ya Shamso. Nizikeni mapema, kabla askari hawajafunga lango, na msinisifu kaburini, sitaki uongo wenu unifuate.

Shamso... mlete mtoto. Mlaze hapa kifuani. Guleid, nyamaza, sijamaliza. Mjukuu wangu, Mungu akupe viganja vigumu... akuepushe na mdomo wa baba yako. Bismillahi. Wewe ni Yarow. Majirani, mmesikia? Yarow...

Semeni amina. Guleid... yako sijaisikia.