Basili Temba wa Kirua Vunjo, Msafisha Meno Mwenye Leseni

Basili Gidioni Temba, tunayemlaza leo kati ya migomba ya baba yake, alizaliwa hapa Kirua Vunjo tarehe 14 Juni 1957, mtoto wa tatu wa mzee Gidioni Temba na mama Justina. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alichelewa kuota meno hata wanawake wakaanza kunong'ona, na yalipoota yalikuja kwa mkupuo, meupe, kama yaliyochaguliwa moja moja. Kila aliyemjua anayakumbuka meno hayo. Mwenyewe aliyajua pia, na alicheka kwa urahisi mbele za watu.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Akaajiriwa hospitalini kama mhudumu katika chumba cha meno, kuchemsha vyombo na kushika taa. Kule aliona watu wakipanga foleni kung'olewa meno ambayo hayakuwa na kosa lolote, ila yamezingirwa na ukoga mgumu na fizi zimeoza. "Hawa walitakiwa kukwanguliwa, si kung'olewa," alimwambia mama yake, "ila mwenye leseni ya kukwangua hatuna." Tangu hapo leseni hiyo ikamkaa moyoni.

Tarehe 27 Septemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Mektrida, binti wa tambarare za Sanya. Mektrida hakwenda shule. Alichunga ng'ombe wa baba yake wakati kaka zake wakiandika. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokunywa maji ya visima vya kwao utotoni, na alikuwa na mazoea ya kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Siku ya posa Basili alikiondoa kiganja hicho mbele ya shangazi zake, akasema, "Acha nione ninachooa." Shangazi walicheka mpaka mbege ikamwagika. Mektrida hakucheka, ila tangu siku hiyo hakuwa na macho ya kumtazama mwingine. Mungu aliwajalia watoto wawili, Victoria na Shedrack.

Mwaka 1986 Basili alipata nafasi katika chuo cha serikali cha meno, mkoani Mbeya. Kihamba kikabaki mikononi mwa Mektrida: kahawa, migomba, ng'ombe wawili, na mama mkwe ambaye macho yalikuwa yanamwacha. Vijana mlioko hapa na mnaoitamani kazi ile, njia aliyopita ni hii. Alikuwa na kidato cha nne chenye biolojia na kemia. Alisoma chuoni, akafanya mazoezi hospitalini chini ya mwenye leseni, halafu akakaa mtihani wa vitendo mbele ya watahini. Mtihani huo ndio ulioogopwa. Kila mwanafunzi alitakiwa aje na mgonjwa wake mwenyewe, mtu mwenye ukoga uliogandamana kwelikweli, maana kinywa kisafi hakiwezi kumpima mtu. Waliokosa mgonjwa wa kufaa walirudishwa nyumbani kusubiri mwaka mwingine.

Basili alikuja likizo na tyubu ya dawa ya meno. Wakati huo maduka yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kujaa tena, na dawa ya meno yenye harufu ya mnanaa ilikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Aliiweka juu ya kabati, akamwambia mkewe, "Mama Victoria, hii ni yako, lakini usiifungue mpaka nimalize mtihani. Nisaidie kwa kinywa chako."

Basi tangu kahawa ilipotoa maua hadi ilipoiva, Mektrida hakupiga mswaki. Tyubu ilikaa kabatini akiipangusa vumbi. Sokoni wenzake walianza kusogea pembeni anapoongea. Ruth, aliyeuza ndizi karibu naye, hakuwa na siri: "Mektrida, mumeo anasomea meno, na wewe je, umemwekea akiba mdomoni?" Soko zima likaangua kicheko. Mektrida akafunga mdomo, akauza ndizi zake kwa vidole. Hata kanisani alipokea komunyo akiwa ameinamisha kichwa ili padri asipate ile harufu. Hakumweleza mtu, kwa sababu Basili alimkataza. Sheria ya mtihani ilisema mgonjwa asiwe mke wala ndugu. Ndugu huvumilia maumivu kwa kumwonea mtu wao huruma, na watahini wanataka kujua kama mkono wa mwanafunzi unaumiza.

Mtihani ulifanyika hospitalini mjini Moshi, Oktoba 1989. Mtahini mmoja, mama mnene mwenye miwani, alimwuliza Mektrida, "Mama, huyu kijana ni nani kwako?"

"Jirani yangu," alijibu Mektrida kama alivyofundishwa. Kisha, ili aaminike, akaongeza lake mwenyewe: "Migomba yetu inapakana."

Basili alikwangua asubuhi nzima. Vipande vilianguka kwenye bakuli kama magamba ya sufuria iliyoungua. Mtahini aliinama mara kwa mara akauliza, "Mama, unaumia?" na kila mara Mektrida akasema haumii, huku machozi yakimwingia masikioni. Basili alifaulu vizuri kuliko wenzake wote, akaandikishwa, akapewa leseni. Jioni ile Mektrida alijitazama kwenye kioo. Ukoga wote ulikuwa umeondoka. Rangi ya kahawia ilikuwa palepale. "Hiyo si uchafu, mke wangu," Basili alimwambia kwa upole. "Ni maji ya kwenu. Haitoki."

Marehemu alifanya kazi kwa bidii. Alizunguka shule za Vunjo na Shirimatunda akiwafundisha watoto kusugua kwa kuzungusha, na wengi waliosimama hapa leo wana meno yao kwa sababu yake. Serikali iliporuhusu tena zahanati za watu binafsi, naye alihamia kwenye zahanati moja ya meno mjini, mwaka 1993. Alikuwa na mkono mwepesi na maneno matamu. Wanawake wa mjini walimfungulia vinywa mchana kutwa, na yeye aliwainamia karibu kuliko alivyomwinamia mtu yeyote nyumbani. Mektrida aliporudi kutoka kumpelekea chakula alikuwa akiwahesabia meno yao njia nzima.

Jambo moja Basili hakulijua vizuri. Alidhani leseni ukishaipata umeipata. Hakuihuisha, hakuhudhuria semina zilizotakiwa, na mwaka 1995 wakaguzi wakamkuta akifanya kazi kwa karatasi iliyokwisha. Akasimamishwa. Alirudi kijijini kwa aibu, akashika jembe. Alipalilia kahawa na mkewe, wakala mtori kwenye chungu kimoja, na Jumapili wakatembea pamoja kwenda misa. Ndugu wote walimwonea huruma. Mektrida alimwombea pia, ila hakuomba kwa sauti kubwa sana.

Aliyemrudishia leseni ni Rukaya, karani wa zahanati ile, mwanamke wa Moshi mjini, mwenye shule na meno meupe. Aliandika barua, akamtafutia semina, akamwekea mtu wa kumsimamia mpaka wakubwa wakaridhika. Na tangu hapo kila mwaka, kabla ya Desemba, Rukaya ndiye aliyekusanya vyeti vya semina, picha na ada, akavituma Dar es Salaam, na leseni mpya ikarudi na kuingizwa kwenye fremu. Basili aliwaambia wanafunzi waliokuja kujifunza kazi kwake, "Kuipata ni mtihani wa siku moja. Kubaki nayo ni kila mwaka, na mwaka mmoja ukijisahau, huna." Aliyasema hayo kwa watu wengi. Nyumbani hakuyasema.

Mwaka 1997 Mektrida alishuka mjini na mkungu wa ndizi mkononi na mwingine mgongoni. Pale dirishani Rukaya alimpokea vizuri, akampa maji, kisha akaita kuelekea ndani, "Basili! Yule jirani yako wa Kirua amekuja!"

Basili alitoka akiwa na glovu mikononi. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Asante, mama," alimwambia Mektrida. "Wasalimie nyumbani." Mektrida aliweka ndizi chini akapanda mlima. Njiani alijisikia tena akiwa kwenye kile kiti, kinywa wazi, akisema haumii. Lile neno la ujirani alilitoa mara moja, kwa ajili ya karatasi, na mumewe akalihifadhi miaka yote hiyo bila kuliacha liishe muda.

Kuanzia hapo Basili alikuwa na nyumba na Rukaya huko Soweto, mtaa wa Moshi mjini. Hakukuwa na ndoa, si ya kanisani wala ya msikitini, ila kulikuwa na mtoto, Khalid. Krismasi alipanda Kirua na sukari na vitenge. Ukoo ulinyamaza, maana alikuwa mtu wa leseni. Mektrida aliendelea na kihamba hata kahawa ilipopoteza bei na jirani zake wakaing'oa. Yeye hakuing'oa.

Mwezi Julai mwaka huu wa 2004 Basili alipatwa na kiharusi akiwa kazini. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yakakata. Nyumba ya Soweto ina ngazi, hivyo aliletwa huku. Kabla hajafikishwa, ndugu yake Jovin alitangulia na jani la isale kuomba msamaha kwa niaba yake. Isale halikataliwi, na Mektrida hakulikataa. Kila asubuhi alimwegemeza Basili kwenye mto na kumpiga mswaki, kwa kuzungusha, kama alivyofundisha shule zote zile. Meno yake yalikuwa bado mazuri.

Oktoba Rukaya alipanda mlima na karatasi mkobani. Alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imemkauka.

"Shikamoo, dada. Nimeleta fomu ya leseni aweke kidole."

"Mtu hawezi kushika kijiko," Mektrida alisema. "Leseni ya nini?"

"Akipona aikute."

Miezi ile yote Mektrida alikuwa amemlisha na kumgeuza, lakini kufikiri kwamba atapona na kurudi kazini, hilo lilikuwa limefikiriwa Soweto. Lilimuuma kuliko hata ile nyumba. Akaushika mkono wa Basili, akakandamiza kidole mwenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba hali ilibadilika, akapelekwa hospitali mjini. Wanawake wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Muuguzi, akitaka kujua kama akili ingalipo, alimnyooshea Mektrida kidole na kumwuliza mgonjwa, "Mzee, huyu mama ni nani kwako?"

Basili alimtazama. Mdomo ulitikisika, hakikutoka kitu. Mektrida alisubiri. Alikuwa amelisubiri jibu hilo tangu pale dirishani.

Ndipo Rukaya akasema, "Ni mkewe. Mimi ndiye jirani."

Basili alifumba macho. Aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Novemba 2004, akiwa na leseni halali hadi Desemba mwaka ujao. Rukaya ataipeleka kwa walioitoa, kwa kuwa ndiye anayeijua njia. Mswaki umebaki na Mektrida.

Juzi ukoo ulikaa na kutaka jina la Rukaya lisisomwe hapa. Mektrida alikataa, akataka lisomwe na neno jirani, kama Rukaya alivyojitaja mwenyewe, ingawa uchungu haujamwisha: neno alilolibeba miaka kumi na mitano, hata hilo mwenzake amelichukua, tena amelichukua vizuri.

Marehemu ameacha mjane, Mektrida, mke wake wa ndoa. Watoto watatu, Victoria, Shedrack na Khalid. Ndugu yake Jovin. Na jirani, Rukaya, wa Soweto.

Lala, Basili, migombani kwenu. Mungu akupe pumziko ambalo halihitaji kuhuishwa.