Benchi Limevuka Barabara

Asubuhi ile Gundi, fundi viatu, alikaa kwenye benchi lake mwenyewe kama mgeni. Jana yake, mwenye duka mpya alikuwa amevunja ukuta ambao Gundi na wenzake wa kahawa walizoea kuuegemea, akawaomba kwa adabu wahame. Wakalibeba benchi, wakavuka nalo barabara hadi kwenye uwazi kando ya karakana ya baiskeli. Tangu mkewe afariki, Gundi alikuwa akishonea viatu pale ukutani, maana nyumbani kulikuwa kimya mno. Leo watu ni walewale, lakini moyo wake ulibaki ng'ambo.

— Hapa si kwetu, alisema. Hata kahawa haina ladha.

— Kahawa nimepika mimi, birika lilelile! mama muuza kahawa alikuja juu. Usinitafute.

— Tatizo ni migongo, alisema Breki, dereva mstaafu. Ule ukuta ulishatuzoea. Hapa tunaegemea hewa.

— Wacha wee! alidakia Spika, mjuaji wa kila jambo. Ardhi inataka maneno. Kule tulibishana mpaka udongo ukalewa. Huu bado haujaonja kitu. Tubishane kwa nguvu!

— Basi tuusage ule ukuta, alisema Breki, tunywe vumbi lake kwenye kahawa. Kwetu kukae tumboni!

— Kwenye kahawa yangu? Thubutu!

Wakacheka. Gundi hakucheka.

Mara akaja mwanamke kijana, sandali iliyokatika mkononi, mguu mmoja peku. Alikuwa amehamia mtaa wa nyuma wiki ile.

— Shikamooni. Namtafuta fundi Gundi, nimezunguka mpaka basi. Samahani, hapa ni kwa nani?

Spika alitazama ng'ambo, ulikokuwa ukuta. Breki akakohoa.

Gundi aliutazama ule mguu, ukipandishwa na kushushwa juu ya changarawe za moto, akaingiwa na huruma.

— Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, utaungua.

Akasogea. Breki akasogea, Spika akabaki na nusu ya makalio hewani. Mama akammiminia mgeni kahawa bila kumuuliza. Gundi akapokea sandali, akatia uzi kwenye sindano.

— Unaishi na nani?

— Na binti yangu. Hatujui mtu huku.

— Sasa mnatujua sisi. Kesho njoo naye. Tupo hapahapa.

Neno "hapahapa" lilishamtoka. Akalisikia, akatabasamu, akaendelea kushona.